Saa Sita za Taa

Květoslav alipanda kutoka mgodini mara ya mwisho
mwezi wa Februari, kofia mkononi,
kope zimepakwa wanja wa makaa
ambao sabuni ya miaka thelathini haikuung'oa.
"Sasa," akasema, "nitafuga kitu kisichotaka jua."

Hapa Ostrava, ghorofa ya saba,
dirisha letu limeelekea kaskazini.
Jua huja kama msoma mita:
linasimama mlangoni, linaandika, linaondoka.

Vendelín, waliyechimba naye mwamba mmoja,
akaleta kangaga la Java ndani ya chupa ya achari.
Nikachukua kijiko nilifukie changaraweni,
kama watu wote wanavyopanda.
"Usilizike!" Mikono yake ikaruka.
"Shina hili ukilifunika linaoza.
Niulize mimi habari za kufunikwa."
Basi nikatoa uzi mweusi wa cherehani,
nikalifunga kwenye kigogo,
mizunguko minne na fundo,
kama kifungo cha koti la mtu mzito.

Baadaye ikaja anubiasi, majani magumu kama soli,
jani moja kwa mwezi, nalo kwa kusitasita.
Kuvumwani likajitandaza bila kuombwa.
Kriptokorini za kahawia zikakaa nyuma
kama wake wa ndugu kwenye picha ya harusi.

Na yeye mbele ya kioo, chai inapoa.
Taa iwake saa kumi, izimwe saa nne usiku.
"Saa sita, Draha. Si saa sita ya mchana,
saa sita za taa!"
Alicheka peke yake kila mara.
Kule chini, mita mia nane,
mwanga wa kila mtu ulikuwa mpana kama sahani,
wakala humo, wakachimba humo,
wakatukanana humo.

Kisha mapafu.

Nikanunua taa ndefu, nyeupe kama ya chumba cha upasuaji.
Nilijiambia mimea ina majonzi, inataka mwanga.
Ikawaka tangu alfajiri hadi nilipolala,
na usiku mwingine sikulala.
Wiki ya tatu kioo kikavaa sufu ya kijani.
Kriptokorini zikayeyuka jani kwa jani,
sabuni iliyosahauliwa ndani ya beseni.
Samaki wakawa minong'ono.
Taa ile niliinunua kwa ajili yangu.
Sikumwambia mtu.

Vendelín akapanda ngazi, lifti imeharibika,
pumzi zake birika linalokaribia kuchemka.
Pole hakunipa.
Akafungua skrubu, akairudisha taa ndani ya boksi lake:
"Uza."
Akakunja mikono ya shati, akakata vilivyooza,
akapapasa changarawe kama daktari tumboni.
"Mizizi ipo. Usiihamishe. Usiiombee kwa sauti."
Ukoga nikaukwangua mwenyewe
kwa kadi ya Květoslav ya kuingilia mgodini;
picha yake ikitazama juu, imelowa,
haikulalamika.

Siku arobaini, hakuna kitu.
Siku ya arobaini na tatu, ncha
nyembamba kama sindano namba tisa,
rangi ya chai.

Leo Novemba. Kryštof wa ghorofa ya tano
amebandika pua kwenye kioo tangu atoke shule.
Ameona kwenye ncha ya jani la kangaga
vijitoto vitatu, na mizizi yao kama nywele za kwapani.
"Jani linazaa?"
"Linazaa."
"Bila mume?"
Nikamwambia ashike jiwe vizuri.
Kimoja nimemfungia kwa uzi mwekundu, mweusi umekwisha.
Hita yake ndogo, samaki wake wawili, mama yake hana habari.

"Niwashe taa saa ngapi?"
Natazama ukutani. Zimebaki dakika kumi.
"Saa sita. Kisha uzime.
Lakini usiondoke hapo hapo, Kryštof.
Kaa kidogo.
Macho huchelewa kufika."